Pelegi, aliyebebeshwa jina la mgawanyiko

MSOMAJI mpenzi, hebu sema kweli. Ukifungua kitabu cha Mwanzo na kufika kwenye zile orodha za fulani akamzaa fulani, je, huwa unalisoma kila jina, au unaruka moja kwa moja hadi kwa Ibrahimu? Wengi wetu huruka. Hata wahubiri huruka. Mimi sijawahi kusikia mahubiri, yawe ya arusi au ya matanga, yaliyojengwa juu ya Arfaksadi.

Leo nakuomba usiruke. Simama kwenye sura ya 10, aya ya 25. Hapo utamkuta Pelegi, mwana wa Eberi na kilembwe cha Shemu mwana wa Nuhu. Habari zake zote zaweza kuenea kwenye kiganja cha mkono. Alizaliwa, akapewa jina, akamzaa Reu akiwa na miaka 30, akaishi miaka mingine 209 akizaa wana na mabinti. Jumla ni miaka 239. Hakupigana vita vyovyote tunavyosimuliwa, hakujenga madhabahu, wala hakutajwa kwa dhambi yoyote. Hata hivyo, mwandishi wa Mwanzo, ambaye kwenye orodha hizo huwa mbahili wa maneno kama karani wa mahakama, alipofika kwa Pelegi alitua kidogo. Akaeleza kwamba mtu huyo aliitwa hivyo kwa sababu katika enzi zake dunia iligawanyika.

Katika Kiebrania maneno hayo yanafanana kwa sauti. Jina ni Peleg, na kugawanyika kwenyewe ni niflega. Ni kana kwamba mzee Eberi alimwita mwanawe Mgawanyiko. Sasa hebu mfikirie mtoto huyo akicheza uani na wenzake, mama anamwita aje kula: “Wee Mgawanyiko, njoo!” Kila aitwapo, jirani anakumbuka ugomvi.

Sisi hatuwezi kumcheka Eberi. Mluo aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth, Mkamba ni Wambua, naye Mkalenjin ni Kiprop. Hayo ni majina ya neema. Lakini tunao pia akina Mashaka, Tabu na Shida, ambao wazazi wao walitaka dunia ijue walikuwa katika hali gani siku ile. Mtoto hakuulizwa.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani walilijadili jambo hili katika Bereshit Rabba, mkusanyo wa maelezo juu ya kitabu cha Mwanzo. Rabi Yose alisema watu wa kale waliijua vyema nasaba yao, ndiyo maana waliwapa watoto majina ya matukio. Ilhali sisi tusioijua huwapa watoto majina ya baba zetu. (Mkikuyu amwitaye kifungua mimba wake jina la babu yake huenda akatabasamu hapo.) Mwenzake, Rabi Shimoni bin Gamalieli, alitoa sababu nyingine: watu wa kale waliongozwa na Roho Mtakatifu katika kuchagua jina.

Walikuwa na sababu ya kumtaja Roho. Jina hupewa mtoto mchanga, lakini Yoktani, mdogo wake Pelegi, anatajwa katika sura hiyo hiyo kuwa baba wa wana 13 waliokuwa na makao yao. Ikiwa mataifa yaligawanyika siku Pelegi alipozaliwa, mdogo wake aliwapata wapi wana wa kutawanywa? Kitabu kiitwacho Seder Olam kikajibu kwamba mgawanyiko ulitokea mwishoni mwa maisha ya Pelegi, na kwa hiyo Eberi alikuwa nabii mkubwa, aliyeliona jambo kabla halijatokea. Mimi naona haihitaji unabii mwingi. Mzee anayeishi na ndugu zake huwa anausikia ugomvi ukinong’onwa jikoni miaka mingi kabla haujafika barazani.

Lakini ni kitu gani hasa kilichogawanyika? Hapo ndipo wasomaji wa Maandiko wamevutana.

Jibu la kwanza, na ndilo wengi hulishika, ni lugha. Sura inayofuata ya Mwanzo inasimulia habari za Babeli, na inaanza kwa kusema kwamba dunia yote ilikuwa na lugha moja. Neno lililotumiwa kwa dunia hapo ni lile lile lililotumiwa katika aya ya Pelegi, na maana yake ni watu. Zaidi ya hayo, katika Zaburi ya 55 mtunzi anapomwomba Mungu azigawanye ndimi za adui zake, anatumia kitenzi cha asili moja na jina la Pelegi. Ushahidi huo una uzito wake.

Jibu la pili linanigusa zaidi, maana ni la urithi. Linapatikana katika Kitabu cha Yubile, kilichoandikwa na Wayahudi katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Kitabu hicho kilihifadhiwa kikiwa kamili kwa lugha ya Geez na jirani zetu wa Ethiopia, ambako Kanisa la Orthodox la Tewahedo hukihesabu miongoni mwa vitabu vya Biblia. Vipande vyake vya Kiebrania vilikuja kuonekana baadaye katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, yaliyogunduliwa kati ya 1947 na 1956.

Yubile inasema kwamba Pelegi alipozaliwa, wana wa Nuhu walikuwa wameanza kuigawa dunia kisirisiri kwa nia mbaya. Baba yao alikuwa bado hai! Nuhu alipopata habari aliwaita wote, watoto na wajukuu, akagawa upya kwa kura na kwa maandishi. Yafethi akapata kaskazini penye baridi, Hamu akapata kusini penye joto, naye Shemu akapata katikati ambako hakuna baridi kali wala joto kali. Kisha mzee akawaapisha kwamba alaaniwe atakayenyakua fungu lisilo lake.

Wewe msomaji uliyewahi kuketi kwenye kikao cha kugawa shamba bila shaka unajua kilichofuata. Kanaani, mwana wa Hamu, akiwa njiani kwenda kwenye fungu lake, aliiona nchi ya Lebanoni, ikampendeza, akakaa papo hapo. Baba yake na ndugu zake, Kushi na Misraimu, walimsihi aondoke, wakamkumbusha kiapo. Akakataa katakata. Hivyo ndivyo Yubile inavyoeleza kwa nini nchi ile iliitwa Kanaani ingawa ilikuwa ya wana wa Shemu. Kwa hakika mwandishi alikuwa na kesi yake ya ardhi ya kutetea, na tusimsome bila kulikumbuka hilo.

Wapo pia wanaodai kwamba siku za Pelegi mabara yenyewe yalipasuka, Afrika ikaachana na Amerika. La hasha! Wanajiolojia wameonyesha kwamba Afrika na Amerika Kusini zilitengana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, polepole. Ukitaka kuujua mwendo wake, simama ukingoni mwa Bonde la Ufa pale Limuru ukatazame chini. Ufa huo unapanuka hata leo, milimita chache tu kwa mwaka.

Dhana nyingine ni ya mifereji. Peleg katika Kiebrania ni mfereji wa maji pia, na neno hilo ndilo lililomo katika Zaburi ya 1 penye habari za mti uliopandwa kando ya maji. Neno linalofasiriwa dunia laweza pia kuwa nchi au ardhi. Kwa hiyo wako wataalamu waliofikiri kwamba jina hili linakumbusha kuchimbwa kwa mifereji kati ya mito ya Hidekeli na Frati, ambako mashamba hayakustawi bila maji ya kuongozwa. Mkulima wa mpunga wa Mwea ataielewa dhana hiyo haraka, na atajua pia kwamba penye mfereji hapakosi ugomvi wa zamu.

Nikiulizwa, nitasema lugha. Lakini kuna mgawanyiko mwingine ambao hauhitaji mtaalamu, nao umo ndani ya nyumba ya Eberi mwenyewe. Tazama jinsi orodha zilivyopangwa. Sura ya 10 inamtaja Pelegi, kisha inamwacha na kumfuata Yoktani na wanawe. Sura ya 11 inamfuata Pelegi, na jina la Yoktani halimo kabisa. Ndugu wawili hawaandamani tena.

Upande wa Yoktani unaelekea Uarabuni. Miongoni mwa wanawe 13 wamo Sheba, Ofiri na Hasarmawethi, na jina hilo la mwisho ndilo Hadhramaut, kule Yemen. Wanasaba wengi wa Kiarabu humhesabu Yoktani kuwa ndiye Qahtani, babu wa Waarabu wa kusini. Kwa hesabu hiyo, jamaa wa Lamu na Mombasa ambao wazee wao walitoka Hadhramaut kwa majahazi ni wa nyumba ya mdogo wake Pelegi. Upande wa Pelegi nao unashuka kwa Reu, Serugi, Nahori na Tera hadi kwa Ibrahimu. Waebrania, kama wengi waonavyo, wanaitwa kwa jina la Eberi, baba wa wote wawili.

Sasa chukua kalamu, msomaji, tupige hesabu kidogo. Eberi aliishi miaka 464. Pelegi mwanawe aliishi 239, karibu nusu. Baada yake hakuna yeyote katika ukoo ule hadi Ibrahimu aliyepita umri huo: Reu 239, Serugi 230, Nahori 148, Tera 205, Ibrahimu 175. Umri wenyewe nao ulikuwa umekatwa.

Ukifuata tarakimu za maandishi ya Kiebrania (tafsiri ya kale ya Kigiriki ina hesabu tofauti), Pelegi alizaliwa mwaka wa 101 baada ya Gharika, akafa mwaka wa 340. Siku hiyo baba yake Eberi alikuwa hai. Babu yake Sela alikuwa hai. Arfaksadi alikuwa hai, Shemu alikuwa hai, na hata Nuhu, aliyebakiza miaka 10 ya maisha yake, alikuwa hai. Vizazi vitano vya wazee vilimtangulia kuzaliwa, na vyote vikamwona akifa.

Mwaka uliofuata akafa Nahori, kitukuu chake Pelegi. Eberi, aliyelichagua lile jina, aliishi miaka mingine 191 baada ya mwanawe.