Daktari Anapostaafu Bila Barua

Neno “kustaafu” limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kuachiliwa, yaani kuomba udhuru wa kutoendelea na jukumu fulani. Katika Kiswahili cha leo tumelizoea kwa maana ya mtumishi aliyefikisha umri, akaandikiwa barua, akapewa kiinua mgongo chake na kurudi nyumbani. Nawaomba leo tuikumbuke maana ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoeleza jambo linalotokea katika hospitali za umma za kanda yetu pale mageuzi ya afya yanapomsahau daktari. Daktari huomba kuachiliwa mapema, tena bila barua.

Tuwatazame kwanza jirani zetu wa Kenya. Katiba yao ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, na mwaka 2013 sehemu kubwa ya huduma za afya ikahamishwa kutoka serikali kuu hadi serikali za kaunti. Mageuzi hayo huitwa ugatuzi, nomino itokanayo na kitenzi “gatua”, ambacho katika siasa maana yake ni kuyagawa madaraka ili yawafikie wananchi. Kusudi lake lilikuwa jema, na matunda yake yapo. Kaunti ya Makueni, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2016 mpango ulioziwezesha familia kutibiwa katika hospitali za kaunti kwa mchango wa shilingi 500 za Kenya kwa mwaka. Hilo si jambo la kubezwa.

Hata hivyo, ugatuzi uliihamisha pia ajira ya daktari. Yule aliyekuwa mtumishi wa wizara moja, yenye ngazi moja ya vyeo, akawa mtumishi wa kaunti moja kati ya 47, kila moja ikiwa na bodi yake ya utumishi na vipaumbele vyake. Akitaka kuhamia kaunti nyingine ili aishi na mwenzi wake, ni nani atakayempokea? Akienda kusomea ubingwa wa upasuaji kwa miaka kadhaa, ni nani atakayemlipa mshahara, na atarudi kwenye cheo gani? Maswali ya namna hii yalihitaji majibu kabla ya mageuzi, si baada yake.

Manung’uniko yalifika barabarani. Mgomo wa madaktari ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 ulidumu siku 100, wakidai utekelezaji wa mkataba wa pamoja uliotiwa saini mwaka 2013. Mwezi wa Februari 2017 viongozi saba wa chama chao walitiwa gerezani kwa kukaidi amri ya mahakama. Mwaka 2024 ukaja mgomo mwingine wa siku 56. Safari hii kiini chake kilikuwa malipo ya madaktari walio katika mafunzo kazini: mkataba ulitaja takribani shilingi 206,000 kwa mwezi, ilhali serikali ilitaka kulipa 70,000.

Mgomo huonekana na kila mtu, kisha huisha. Lisiloonekana ni lile linalofuata. Daktari wa miaka 38 anafungua zahanati yake mjini, mwingine anajiunga na shirika la misaada afanye kazi ya mezani, na wa tatu anavuka bahari. Hakuna aliyewafanyia sherehe ya kuwaaga. Majina yao yangali katika daftari la waliosajiliwa, lakini wodi ya umma imekwisha kuwapoteza.

Ili tuuone uzito wa kimya hicho, tulinganishe na Uingereza, ambako daktari anayeondoka mapema huondoka kwa barua. Huko, kanuni za kodi ya pensheni zilibana kiasi kwamba madaktari waandamizi waliofanya zamu za ziada walijikuta wakidaiwa kodi kubwa juu ya pensheni zao. Wengine wakapunguza zamu, wengine wakastaafu kabla ya wakati. Kwa kuwa hasara hiyo ilihesabika, ilijadiliwa bungeni. Na mwaka 2023 serikali ikapandisha kiwango cha mwaka cha akiba ya pensheni isiyotozwa kodi hiyo kutoka pauni 40,000 hadi 60,000. Kilichohesabiwa kilirekebishwa. Kwetu hakihesabiwi.

Nasema “kwetu” kwa sababu sisi wa Uganda hatuna haki ya kuwacheka Wakenya. Tuliwatangulia katika njia hiyo. Katiba yetu ya mwaka 1995 iliweka tume za utumishi za wilaya, na mwaka 2001 ada za matibabu ziliondolewa katika vituo vya serikali. Wagonjwa waliongezeka, jambo la heri, na foleni mbele ya daktari ikarefuka. Mwaka 2022 mishahara ya madaktari wa serikali iliongezwa kwa kiasi kikubwa, na hatua hiyo inastahili sifa. Lakini mshahara ni kitu kimoja na ngazi ya kazi ni kitu kingine. Daktari wa wilaya akirudi na shahada ya ubingwa, kisha asikute nafasi ya bingwa katika muundo wa hospitali yake, elimu yake mpya haina pa kukaa.

Atasema mtu kwamba daktari ameapa kuhudumu, na kwamba mkulima anayemlipia kodi hana pensheni yoyote. Hoja hiyo ni ya haki, nami naiheshimu. Lakini ni mkulima huyohuyo anayepata hasara. Udaktari hapa husomwa miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini, na umri wa kustaafu ni miaka 60. Anayeondoka akiwa na miaka 40 ameondoka na miaka 20 ya huduma, tena ile ya ustadi uliokomaa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Zingatieni, wanafunzi, kwamba “hulia” hapa ni kula, si kutoa machozi. Ila mahali pasipo na kivuli, maana hiyo ya pili ndiyo inayobaki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: muswada wowote wa mageuzi ya afya useme waziwazi mambo matatu. Daktari atahamaje kutoka mwajiri mmoja hadi mwingine bila kupoteza cheo? Akirudi masomoni atawekwa wapi? Na pensheni yake itamfuata vipi? Zaidi ya hayo, kila wilaya itangaze kila mwaka idadi ya madaktari walioacha kazi kabla ya miaka 60, pamoja na sababu zao.

Nanyi mnaweza kuanza bila kusubiri muswada. Diwani wenu atakapokuja kuomba kura, mwulizeni kwa Kiswahili fasaha: hospitali yetu ilikuwa na madaktari wangapi miaka mitano iliyopita, leo wako wangapi, na miongoni mwa walioondoka, ni wangapi waliokuwa wamefikisha umri wa kustaafu?