Mwaka Mpya, Fikra Mpya Juu ya Degedege

Mwaka mpya umeingia. Wengi wetu tumepanga kulima zaidi, kuezeka nyumba kwa bati au kununua baiskeli. Hayo ni mema. Lakini mtu akibadili vitu asibadili fikra, maendeleo yake ni nusu. Rai yangu ni kwamba mwaka huu sisi wa Chalinze tubadili fikra yetu juu ya degedege.

Wengi huku Pwani tumeambiwa tangu utoto kwamba degedege huletwa na ndege au shetani. Tumeambiwa pia kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Kwa hiyo mtoto hufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo. Siku inapita, homa inazidi.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walisema walichokiona. Waliona mtoto anapelekwa hospitali, anapigwa sindano, kisha anakufa. Lakini tujiulize: mtoto huyo alifikishwa siku ya ngapi? Nyumba ikiwaka moto tangu asubuhi, na maji yakaletwa jioni, je, tutasema maji ndiyo yaliyoiunguza? Kinachoua si sindano. Kinachoua ni kuchelewa.

Degedege ya watoto wadogo mara nyingi huletwa na homa kali. Huku kwetu chanzo kimoja kikubwa cha homa hiyo ni malaria. Mbu jike aina ya anofelesi humwuma mtoto usiku na kumtia vijidudu. Vijidudu huzaana katika damu. Vikizidi hudhuru ubongo. Zahanati hupima malaria kwa tone moja la damu, na majibu hupatikana kabla ya nusu saa. Dawa ipo. Tangu mwaka 2006 nchi yetu inatumia dawa ya mseto. Kwa malaria kali ipo sindano, na sindano hiyo huokoa maisha.

Basi mtoto akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu. Mlegezee nguo. Usimtie kijiko wala dawa mdomoni. Mpeleke zahanati mara moja, hata kama mtetemeko umekwisha.

Jambo jingine ni ruhusa. Akina mama wengi husema, "Nilikuwa namsubiri baba yake." Baba yuko kwenye tanuri la mkaa, au kwenye mananasi Kiwangwa. Akina baba, toeni ruhusa leo, kabla mtoto hajaugua. Wekeni na nauli mahali ambapo mama anapajua.

Je, fikra hubadilika? Ndiyo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi nchini kote. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Hawakuwa madaktari. Wengi walikuwa wakulima kama sisi.

Jioni ya leo msomee jirani habari hii. Kubalianeni mambo mawili. Chandarua kila usiku. Na homa ya mtoto ikianza, zahanati kwanza. Wazee wetu watatuombea dua tukiwa njiani.