Rafiki anayeuza unachouza

Jamani wadau, rafiki wa biashara mtafuteni kwa mwenzenu anayeuza kitu kilekile. Marafiki wa chumbani wanasifia nguo zangu, sikatai, ila ndo haohao wa "nitakulipa bumu likitoka".

Hapa Mabibo tupo wadada wawili wa mitumba. Watu walitegemea tununiane. Wapi! Karume tunakwenda pamoja alfajiri, belo likifunguliwa yeye anavuta magauni, mie blauzi. Nikibanwa na testi ananiuzia mzigo wangu na hela naikuta yote. Hata majina ya wadaiwa sugu tunapeana, hehehe!

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yake kwenye mchezo, 200,000/= kamili. Mama yangu alikuwa amelazwa, mtaji wote umeishia kwenye dawa. Akaniachia zamu. Kijumbe aligoma, ikabidi yeye mwenyewe ambembeleze. Hao wa kusifia blauzi nani angefanya hivyo?

Halafu kuna wanaoficha chimbo, eti "nimetumiwa na anti wa Dubai", kumbe tunapishana Karume! Mnamficha nani? Kila mwaka wa kwanza wakiripoti, wateja wapya wanajaa.

Mchezoni zimebaki nafasi mbili. Anayetaka aje, ila Kijumbe hakopeshi maneno.