Tovuti ya Biashara Huanzia Daftarini

Juma hili yafaa tutazame jambo lililoingia katika kambi zetu kwa kasi, nalo ni tovuti ya biashara. Akina mama wengi wa askari hushona, huoka mikate na hufuga kuku ili kuongeza pato la nyumba, na sasa hutamani wanunuzi walio mbali wazione bidhaa zao katika intaneti. Nia hiyo ni njema. Lakini wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Naandika haya nikiwa na deni moyoni. Jirani yetu mmoja, mke wa koplo, pamoja na wenzake wanne walikuwa na kikundi cha kushona sare za shule. Mimi ndiye niliyewapelekea kijana fundi wa tovuti, na kwa kuwa nilimsifu, walimlipa fedha zote siku ya kwanza bila mkataba wala risiti. Tovuti ilipendeza, nao wakachapisha anwani yake kwenye mifuko ya nguo. Mwaka ulipotimia, tovuti ikatoweka. Kumbe jina lake liliandikishwa kwa kijana yule; hakulilipia tena, wala simu yake haikupatikana. Mwalimu mkuu aliyetaka sare za muhula mpya hakukuta kitu, akaagiza kwingine. Fedha iliyopotea ilikuwa karo ya watoto.

Basi na tujifunze. Kwanza, kabla ya kumwita fundi, ketini muandike katika daftari: tovuti ni ya kazi gani? Ni ya kuonyesha bidhaa tu, kupokea maagizo, au kupokea malipo pia? Mnunuzi akifika, apige simu au aandike ujumbe? Kwa biashara ndogo kurasa nne zatosha: wa mwanzo, wa bidhaa na bei, wa habari za kikundi, na wa namna ya kuwafikia. Maneno na picha mviandae nyinyi wenyewe, kwani fundi ajua kujenga, bali hajui vipimo vya sare zenu.

Pili, fahamuni kwamba jina la tovuti halinunuliwi milele. Hukodiwa, aghalabu kwa mwaka, na lisipolipiwa mtu mwingine aweza kulichukua. Nafasi ya kuhifadhi kurasa katika seva nayo ina malipo yake. Vyote viwili viandikishwe kwa jina na barua pepe ya kikundi, na maneno ya siri yawe mikononi mwa watu wawili wanaoaminika. Fundi ni kama mwashi: hujenga nyumba, lakini hati ya kiwanja hukaa kwa mwenyewe.

Tatu, hapana budi kuwe na mkataba. Fundi aonyeshe kazi mbili tatu alizokwisha kufanya, mzifungue kwa simu zenu na kuwauliza wenye nazo. Andikeni kazi, tarehe, na malipo kwa awamu tatu: ya kuanza, ya baada ya kuona mfano, na ya mwisho mkisha kukabidhiwa maneno yote ya siri. Andikeni pia ni nani atakayerekebisha makosa baadaye, na kwa muda gani. Tena awafundishe kubadili bei na namba ya simu wenyewe, maana familia za askari huhamishwa.

Nne, tovuti iwe nyepesi. Picha moja ya simu yaweza kufikia megabaiti 3 au zaidi, naye fundi mwema huipunguza isizidi kilobaiti 200. Mnunuzi anayelipia data hatangoja ukurasa mzito.

Tano, usalama. Mwezi wa Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya kampuni ya Strava, iliyoonyesha njia za wafanyao mazoezi duniani, ilifichua pia mahali pa kambi za kijeshi, kwa kuwa askari walikimbia wakiwa na vifaa hivyo. Picha ya simu nayo yaweza kubeba ndani yake alama za mahali ilipopigwa. Kwa hiyo zipigeni picha nguo zenu nje ya kambi, mbele ya ukuta mtupu, na fundi azifute alama hizo. Jina la kikosi, sare ya kazi na lango la kambi visionekane kamwe.

Wale akina dada wameanza upya kwa jina jipya, lililoandikishwa kwa kikundi. Safari hii walinipa mimi kazi ya kuandika mkataba, kisha wakausoma mbele yangu mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi. Sikuudhika. Laiti ningaliwashauri hivyo tangu mwanzo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.