Waandamanaji Wachache, Askari Tele

Ndugu wafanyakazi, tarehe 23 Julai 2024 vijana wa Uganda waliazimia kuandamana mpaka Bungeni, Kampala, kupinga rushwa. Waliofika walikuwa wachache, vikundi vidogo vidogo vyenye mabango. Waliojaa ni askari. Polisi na wanajeshi walilizingira Bunge, njia zikafungwa, makumi ya vijana wakatiwa mbaroni. Siku chache kabla, Rais Museveni alikuwa amewaonya kwamba wanacheza na moto.

Yuko atakayesema kwamba uchache ule ni ushahidi kuwa wananchi wameridhika. Hesabu ya namna hiyo sisi wa viwandani na mashambani tunaijua. Mkutano wa tawi huitishwa, nyapara akasimama mlangoni na daftari akiandika majina, wakaingia watu kumi. Kesho yake meneja husema wale mia tatu wengine hawana shida. Wanayo. Ila wana watoto wa kulisha, na kibarua hukatwa kwa neno moja.

Na je, vijana wale walikuwa na hoja? Mabati ya serikali yaliyokusudiwa maskini wa Karamoja yaliishia kwa wakubwa, na mwaka 2023 mawaziri watatu walifikishwa mahakamani kwa ajili yake. Bati! Kitu ambacho mkata miwa hudunduliza miaka kukipata.

Tena hawakuvunja Katiba. Ibara ya 29 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya 2013 iliwapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano, lakini Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho. Basi likatafutwa kosa jingine katika kanuni ya adhabu iliyorithiwa kwa wakoloni, kosa la kuleta kero kwa umma, na wengi wakapelekwa rumande Luzira. Mwizi wa mabati hakuitwa kero. Aliyebeba bango ndiye kero.

Sababu ya hofu yote ile haikuwa siri. Mwezi mmoja nyuma, Juni 26, serikali ya Kenya ilikuwa imeuondoa Muswada wa Fedha baada ya vijana kujaa barabarani na wengi kuuawa. Kampala haikutaka kungoja wachache wawe wengi.

Ndiyo maana tunasema vyama vya wafanyakazi vya Uganda visilitazame jambo hili kama la vijana wa mjini tu. Ibara ya 40 ya Katiba ile ile inalinda haki ya kujiunga na chama na ya kugoma. Vyama vitoe mawakili, vidai kosa hilo la kero liondolewe katika sheria, na vidai mapema, kabla halijaandikwa dhidi ya wachuma chai waliokaa langoni kudai ujira wao.