Umri Mrefu Si Nasaba Peke Yake

Mzee atimizapo miaka 90, naye angali akienda msikitini kwa miguu yake mwenyewe, majirani huiulizia kwanza nasaba yake, na wakisikia ya kuwa babu yake naye alikula chumvi nyingi, hukata shauri kwamba siri ya umri ule imo katika damu. Hawakukosa, lakini hawakuimaliza habari. Kwani wataalamu wa Denmark, walipochunguza jozi 2,872 za mapacha waliozaliwa baina ya 1870 na 1900, walibainisha mwaka 1996 kuwa urithi haukueleza ila kadiri ya robo ya tofauti za umri baina ya mtu na mtu.

Sehemu iliyobaki imo katika maisha yenyewe na majaaliwa, nayo maisha huacha athari hata ndani ya seli. Leonard Hayflick, huko Philadelphia mwaka 1961, alionyesha kuwa seli za binadamu hugawanyika kiasi cha mara 50 kisha zikasita. Baadaye ikadhihirika kwamba ncha za kromosomu zina telomea, zinazozihifadhi kama pindo lihifadhivyo leso isifumuke nyuzi, na kwamba pindo hilo hupungua kadiri seli zigawanyikavyo. Kazi ya kuifumbua hifadhi hiyo ndiyo iliyowapatia Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Lililonigusa zaidi ni uchunguzi wa mwaka 2004, ambao Blackburn na Elissa Epel waliufanya California kwa akina mama, wengi wao wakiuguza watoto wenye maradhi ya kudumu: miaka ya kuuguza ilipozidi, pindo lile lilionekana fupi zaidi.

Nami humkumbuka mwanamke wa mtaani kwetu, ambaye mwaka wa sita huu huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akamgeuza mamaye aliyepatwa na kiharusi, akamwosha, akambadilishia shuka, akamnywesha uji kijiko baada ya kijiko, kisha akaenda zake kazini. Ndugu zake humpigia simu wakamwambia kuwa Mwenyezi Mungu atamlipa kwa subira yake. Dua hiyo ni njema, lakini haimpi usingizi. Basi ndugu na wapange zamu za usiku, waajiri na watoe ruhusa bila ya kinyongo, na serikali za mitaa zipeleke wauguzi majumbani. Kwani si insafu siha ya mzee mmoja ilindwe kwa kuupunguza umri wa binti yake.