Kabla ya Kubishana, Jifunze Kuuliza

Wasee wa sheria, leo nitawakosea kidogo.

Kila muhula naona posti zilezile. Ya kwanza: suti nyeusi, kikombe cha mashindano ya kesi za kuigiza, "Mheshimiwa Jaji" za kutosha. Wiki inayofuata: tisheti ya kujitolea, mfuko wa unga, tabasamu. Ya kwanza tunaiita ujuzi, ya pili tunaiita roho safi. Mimi nasema hilo ni somo moja, na wengi wetu tunalisoma nusu.

Nazipenda kesi za kuigiza, sitadanganya. Lakini si unajua zinavyoenda? Unapewa karatasi ambayo mambo yote yaliyotokea yashaandikwa, na pande zote mbili zimeyakubali. Hakuna shahidi anayelia wala anayesahau tarehe. Unabishana kuhusu sheria tu, kwa Kiingereza safi. Ni mazoezi poa. Unajifunza kusimama na kujibu jaji bila kutetemeka.

Sasa nenda Makadara au Kibera, kwenye mahakama za chini. Huko Kiswahili ni lugha ya korti sawa na Kiingereza, na hakuna mtu atakupa hadithi ikiwa imepangwa. Lazima uitoe kwa mtu.

Hilo nililijua kwa aibu. Mwaka jana nilijitolea siku ya msaada wa sheria kwenye ukumbi wa kanisa moja Mukuru. Sisi wanafunzi kazi yetu ilikuwa kupokea watu na kuandika maelezo, kisha kumpelekea wakili anayetusimamia, kwa sababu mwanafunzi si wakili na hana ruhusa ya kumwakilisha mtu. Mama mmoja akaketi mbele yangu. Landlodi alikuwa amepiga nyumba yake kufuli juu ya deni la kodi. Kabla hajamaliza sentensi ya tatu, mimi nilikuwa nimeshafika Kifungu cha 43 cha Katiba, haki ya makao. Nikamweleza dakika kumi nzima. Akatikisa kichwa kwa adabu. Manze, nikajiona nimeweza.

Wakili akaja, akavuta kiti, akauliza swali moja: "Mama, leo ungetaka tukusaidie na nini kwanza?"

"Dawa ya mtoto ya pumu iko ndani," akasema. "Hii ni siku ya tatu."

Siku ya tatu! Na mimi nilikuwa nahubiri Katiba. Wakili akampigia landlodi simu palepale. Jioni mlango ukafunguliwa, deni likabaki la kuongelewa.

Nilipofika kwangu nikakumbuka kitu tunachofundishwa kwa sheria ya ushahidi. Ukimhoji shahidi wako mwenyewe, hufai kumwekea jibu mdomoni. Upande wa pili ukipinga, huwezi kuendelea bila ruhusa ya korti. Unamuuliza wazi: nini kilitokea? Lini? Halafu? Maswali yenye jibu ndani yake ni ya shahidi wa upande ule mwingine. Mimi yule mama nilimfanyia kama shahidi wa adui, na alikuja kwangu kutafuta msaada.

Najua mtasema, "Lakini CV nayo?" Weka kwa CV, sina shida. Shida ni kwenda mtaani kupiga picha na kurudi bila kumsikia mtu hata mmoja. Wengine watasema mwanafunzi anaweza kupotosha watu. Kweli, kama nilivyokaribia kufanya. Ndiyo maana ni lazima pawe na wakili wa kukusimamia, na ndiyo maana kazi yetu ya kwanza ni masikio.

Na kazi hiyo ina maana. Kwenye Mahakama ya Madai Madogo, mtu mwenye dai lisilozidi shilingi milioni 1 anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Fundi aliyenyimwa pesa yake hahitaji hotuba yako. Anahitaji mtu wa kukaa naye apange: tulikubaliana siku gani, nilimaliza lini, meseji za M-Pesa ziko wapi. Ukiweza kumsaidia fundi kupanga hiyo hadithi kwa maneno yake mwenyewe, hayo ni mazoezi ya korti kuliko kikombe chochote.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Jumamosi moja kwa mwezi, tafuta mahali wanapotoa msaada wa sheria karibu na wewe. Simu iache mfukoni. Uliza, nyamaza, andika. Kifungu utakitafuta baadaye. Kiko kwa kitabu, hakitoroki. Yule mama angeondoka na asingerudi.